Mafindofindo Sugu kwa Watoto: Jinsi ya Kumtambua Bakteria Anayehusika, Hatua kwa Hatua

Mtoto anayerudishwa kliniki kila baada ya wiki chache akiwa na homa, koo linalouma na tonsili zilizovimba huwa amekwisha kumeza dozi nyingi za antibiotiki kabla ya mtu yeyote kuuliza swali la msingi: ni kimelea gani hasa kinachomsumbua? Mara nyingi sampuli haijawahi kuchukuliwa. Mara nyingine ilichukuliwa, bakteria akaonekana, dawa ikaandikwa, na mtoto akaugua tena vilevile. Mwongozo huu unawalenga wahudumu wa afya wanaowapokea watoto hao kwa mara ya kwanza, pamoja na wazazi wanaotaka kuelewa kwa nini daktari hupima kitu fulani na kuacha kingine. Msimamo wake ni huu: kumwona bakteria kooni hakutoshi kumhukumu kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, na jibu la maabara huwa na thamani pale tu linaposomwa pamoja na historia ya mtoto na hali ya koo lake siku sampuli ilipochukuliwa.

Bakteria wanaohusika

Maumivu mengi ya koo kwa watoto husababishwa na virusi, na hayo hayahitaji antibiotiki. Kati ya watoto wanaoletwa kwa ajili ya koo, takriban asilimia 20 hadi 30 ndio hukutwa na streptokoka wa kundi A, ambaye jina lake la kitaalamu ni Streptococcus pyogenes. Huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, na dalili huanza siku 2 hadi 5 baada ya kuambukizwa. Anatafutwa kwa bidii kuliko bakteria wengine wote wa koo kwa sababu ya kile kinachoweza kufuata: wiki 2 hadi 4 baada ya koo kupona, kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia viungo na moyo, hali iitwayo homa ya baridi yabisi, ambayo inaweza kuacha vali za moyo zikiwa zimeharibika kwa maisha yote. Figo nazo zinaweza kuvimba baada ya maambukizi hayohayo.

Ugonjwa unapokuwa sugu, mambo huwa magumu zaidi. Uso wa tonsili una vijishimo vingi vinavyoingia ndani na kugawanyika, na humo hukusanyika seli zilizokufa, mabaki ya chakula na bakteria wa aina nyingi. Pamoja na streptokoka, humo hupatikana Staphylococcus aureus, Haemophilus influenzae, Moraxella catarrhalis na bakteria wasiohitaji oksijeni kama vile Prevotella na Fusobacterium. Wengi wao huishi humo hata kwa mtoto mwenye afya njema, jambo ambalo ndilo chanzo cha utata wote tutakaoujadili chini.

Bakteria hao wana njia tatu za kudumu ndani ya tonsili. Baadhi yao hutoa kimeng'enya kiitwacho beta-laktamase, ambacho huivunja penisilini, na hivyo kumkinga hata jirani ambaye peke yake angekufa kwa dawa hiyo. Wengine hujijengea utando unaonata ndani ya vijishimo, na dawa hupenya humo kwa shida. Wengine hujificha ndani ya seli za tonsili zenyewe, mahali ambapo penisilini haifiki kwa kiwango cha kutosha. Hoja hii ya kwanza ina uzito mkubwa kwa sababu streptokoka wa kundi A ameendelea kuuawa na penisilini tangu dawa hiyo ilipoanza kutumika, ingawa usugu wake dhidi ya dawa za jamii ya erithromaisini na azithromaisini upo na hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo penisilini inaposhindwa, usikimbilie kusema kwamba streptokoka amekuwa sugu. Uliza kwanza iwapo dozi ilimalizwa, iwapo kuna mtu mwingine nyumbani anayeumwa koo, na iwapo streptokoka ndiye aliyekuwa akimuumiza mtoto tangu mwanzo.

Wapo pia bakteria wa nadra wasiopaswa kusahauliwa. Streptokoka wa makundi C na G huleta koo linalofanana sana na lile la kundi A. Arcanobacterium haemolyticum huwapata zaidi vijana balehe, mara nyingi pamoja na vipele vya mwilini. Bakteria wa dondakoo, Corynebacterium diphtheriae, bado ni hatari kwa mtoto ambaye hakukamilisha chanjo. Bakteria wa kisonono akipatikana kooni mwa mtoto mdogo, suala hilo si la koo tu tena. Mtoto huyo anahitaji kulindwa, na uchunguzi wa uwezekano wa unyanyasaji wa kingono lazima uanze mara moja kwa kufuata taratibu zilizowekwa.

Hatua ya kwanza: kuandika historia kwa tarehe

Maneno "anaumwa koo kila mara" hayamsaidii mtaalamu yeyote. Mzazi aanzishe daftari, na kila mtoto anapougua aandike tarehe ya kuanza, kiwango cha homa kilichopimwa kwa kipimajoto, iwapo kulikuwa na kikohozi au mafua, iwapo koo lilionyesha usaha, dawa iliyotolewa, siku ngapi ilitumika, na mtoto alipata nafuu siku ya ngapi. Safu hii ya mwisho ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto mwenye maambukizi halisi ya streptokoka huanza kupata nafuu dhahiri ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kuanza dawa inayofaa. Yule ambaye homa yake huendelea siku nne au tano pasipo kujali antibiotiki aliyopewa huenda anaugua virusi.

Daftari pia hutenganisha hali mbili ambazo huchanganywa sana. Ipo ya mtoto anayeugua vikali, akapona kabisa, kisha akaugua tena. Ipo pia ya mtoto ambaye koo lake halitulii kwa miezi: ana maumivu hafifu ya kudumu, harufu mbaya mdomoni, tezi za shingo zisizopungua na punje nyeupe zinazotoka kwenye vijishimo vya tonsili. Ya kwanza humwelekeza mpimaji kwa streptokoka, ama maambukizi mapya yanayopokezana na virusi. Ya pili huelekeza zaidi kwenye mchanganyiko wa bakteria waliojikita ndani ya vijishimo, ambao sampuli moja ya juu juu haiwezi kuwaeleza vizuri.

Hatua ya pili: kutafuta dalili za hatari kabla ya kufungua kinywa

Mtoto anayetokwa na mate mfululizo kwa kushindwa kumeza, anayeketi akiwa ameinamia mbele, anayetoa sauti ya mkoromo anapovuta pumzi au anayepumua kwa shida asiingizwe kitu chochote kooni. Kifuniko cha njia ya hewa kinaweza kuwa kimevimba, na kibao cha kubania ulimi kinaweza kuifunga njia hiyo kabisa. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua, akiwa ameketi kwa namna inayompa nafuu. Vilevile apelekwe haraka mtoto asiyeweza kufungua kinywa vizuri, ambaye sauti yake imekuwa nzito kama aliye na kitu mdomoni na ambaye tonsili moja imesukumwa kuelekea katikati, kwani hilo huwa ni jipu la pembeni ya tonsili. Utando wa kijivu ulioshikamana na koo na unaotoa damu ukiguswa, hasa shingo ikiwa imevimba, uchukuliwe kuwa dondakoo hadi itakapothibitishwa vinginevyo; matibabu yaanze bila kusubiri majibu, na maabara iarifiwe mapema kwa sababu bakteria huyo huhitaji vyakula maalumu vya kuoteshea, kama vile agari yenye telurite.

Hatua ya tatu: kuamua nani apimwe

Kumpima kila mtoto mwenye koo ni kosa linalozaa majibu ya kupotosha. Alama zilizopendekezwa na daktari Centor mwaka 1981 na kurekebishwa na daktari McIsaac mwaka 1998 husaidia kuamua. Mtoto hupewa alama moja kwa kila kimojawapo cha haya: homa inayozidi nyuzi 38, kutokuwa na kikohozi, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma zikiguswa, na tonsili zilizovimba au zenye usaha. Umri wa miaka 3 hadi 14 huongeza alama nyingine moja. Mwenye alama sifuri au moja kwa kawaida hahitaji kipimo. Kuanzia mbili na kuendelea, apimwe. Alama hizi huchagua wa kupimwa tu. Hata mtoto mwenye alama nyingi anaweza kuwa na virusi, kwa hiyo zisitumike badala ya kipimo pale kipimo kinapopatikana.

Mtoto mwenye mafua yanayotiririka, macho mekundu, sauti iliyokauka, kikohozi au vidonda mdomoni ana dalili za virusi, na kumpima kunaweza kumfichua bakteria asiyehusika. Walio chini ya miaka 3 nao kwa kawaida hawapimwi, kwa kuwa homa ya baridi yabisi ni nadra sana katika umri huo, isipokuwa pale ambapo mtu wa nyumbani amethibitishwa kuwa na streptokoka.

Hatua ya nne: kuchukua sampuli ipasavyo

Hapa ndipo majibu mengi huharibika, na maabara, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kurekebisha sampuli mbovu. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na mtoto asiwe amesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu muda mfupi kabla. Ikiwa amekwisha kunywa antibiotiki, iandikwe kwenye fomu ni dawa gani na tangu lini, kwani jibu la kutokuwa na bakteria kwa mtoto huyo halina maana kubwa.

Mketishe mtoto mapajani mwa mzazi, mgongo ukiegemea kifua cha mzazi. Mkono mmoja wa mzazi uizungukie mikono ya mtoto, na mwingine umshike paji la uso ili kichwa kisirudi nyuma wala kugeuka. Washa taa inayomulika moja kwa moja kooni. Bania ulimi kwa kibao kuanzia sehemu yake ya mbele ya katikati, maana ukigusa nyuma mno atatapika kabla hujaona kitu, kisha mwombe aseme "aaa" kwa sauti ndefu. Kimeo kitapanda na tonsili zitajitokeza pembeni. Pitisha kijiti juu ya tonsili moja huku ukikisugua na kukizungusha, hasa penye wekundu au usaha, kisha ukuta wa nyuma wa koo, kisha tonsili ya pili, halafu ukitoe bila kugusa ulimi, mashavu, meno wala kimeo. Mtoto atakakamaa na machozi yatamtoka. Ni kazi ya sekunde chache, na ni afadhali kuifanya kikamilifu mara moja kuliko kumwonea huruma, ukagusa ulimi tu, kisha ukalazimika kurudia au, vibaya zaidi, ukapeleka maabara mate matupu na kumwambia mzazi kwamba hakuna tatizo.

Kijiti chenye nyuzi za dakroni au reyoni kinafaa zaidi kuliko pamba ya kawaida. Kama maabara haipo jirani, kijiti kiwekwe kwenye chombo chenye kisafirishi cha Amies au Stuart, yaani jeli inayohifadhi bakteria wakiwa hai njiani. Andika jina, umri, tarehe, saa, na muhimu zaidi, kile unachokitafuta. Ukishuku dondakoo, kisonono au Arcanobacterium na usiseme, maabara itatafuta streptokoka wa kundi A peke yake.

Hatua ya tano: vipimo vyenyewe

Kipimo cha haraka hutafuta antijeni ya streptokoka wa kundi A na hutoa jibu ndani ya dakika 5 hadi 10. Kikisema yupo, mara nyingi husema kweli, kwani umahususi wake, yaani uwezo wa kutomtaja bakteria asiyekuwepo, ni takriban asilimia 95. Kikisema hayupo, tahadhari inahitajika: uwezo wake wa kumgundua bakteria aliyepo huwa kati ya asilimia 70 na 90, maana yake katika kila watoto 100 wenye bakteria huyo, kati ya 10 na 30 wanaweza kukoswa. Ndiyo maana kwa watoto jibu la "hayupo" huthibitishwa kwa kuotesha sampuli. Njia rahisi ni kuchukua vijiti viwili kwa pamoja tangu mwanzo, kimoja kwa kipimo cha haraka na kingine kwa kuotesha.

Kuotesha ndiyo njia ya kuaminika zaidi kati ya hizi mbili, na ikifanywa vizuri hugundua asilimia 90 hadi 95 ya maambukizi. Sampuli hupakwa kwenye agari yenye asilimia 5 ya damu ya kondoo, na fundi huichoma agari mara chache kwa kitanzi ili baadhi ya bakteria wakue chini ya uso, penye oksijeni kidogo, ambapo uyeyushaji wa damu huonekana vizuri zaidi. Sahani hukaa katika joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24, na isiyoonyesha kitu hurudishwa kwa siku nyingine moja. Iinue uitazame mwanga ukipita kutoka nyuma yake: streptokoka huonekana kama vikundi vidogo vya rangi ya kijivu, kila kimoja kikiwa katikati ya duara angavu ambamo damu imeyeyuka kabisa. Hapo hufuata uthibitisho, kwa kidonge cha basitrasini cha yuniti 0.04 ambacho huzuia ukuaji wake, kwa kipimo cha PYR kinachotambua kimeng'enya cha bakteria huyo, au kwa kugandisha chembe za lateksi kwa mujibu wa makundi aliyoyabainisha Rebecca Lancefield mwaka 1933.

Mzazi huogopa kusubiri siku mbili bila dawa. Kwa mtoto asiye na dalili za hatari hofu hiyo haina msingi, kwa sababu matibabu yanayoanza ndani ya siku 9 tangu dalili zianze bado huzuia homa ya baridi yabisi. Katika kusubiri apewe dawa ya maumivu na vinywaji vya kutosha.

Kipimo cha damu cha ASO, kinachopima kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya streptokoka, huagizwa mno kwa watoto wenye koo, na matumizi hayo yanapaswa kukoma. Kingamwili hizo huanza kupanda takriban wiki moja baada ya maambukizi, hufikia kilele kati ya wiki ya 3 na ya 6, na zinaweza kubaki juu kwa miezi. Kiwango kikubwa husema kwamba mtoto aliwahi kukutana na streptokoka. Hakisemi kwamba koo la leo linatokana naye. Hakuna sababu ya kumchoma mtoto sindano za penisilini mwezi baada ya mwezi eti "ASO ishuke". Kipimo hiki kina nafasi yake pale daktari anaposhuku homa ya baridi yabisi au ugonjwa wa figo uliotokana na streptokoka, ambapo ushahidi wa maambukizi yaliyopita ndio unaotafutwa.

Hatua ya sita: kusoma jibu

Jibu lenye streptokoka wa kundi A kwa mtoto mwenye homa, usaha, tezi zinazouma na asiye na kikohozi ni rahisi: atibiwe. Penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili ndiyo tiba ya kwanza, ama sindano moja ya penisilini ya benzathini pale ambapo kumaliza vidonge hakuna uhakika. Mwenye mzio wa dawa hizo apangiwe nyingine na daktari. Akipona, kupima tena si lazima kwa mtoto wa kawaida.

Ugumu huanza kwa mtoto ambaye kila akipimwa ana streptokoka. Wastani wa takriban mtoto mmoja kati ya kila kumi wa umri wa shule anaweza kumbeba streptokoka wa kundi A kooni kwa miezi bila kuugua. Mbebaji huyu akipatwa na virusi, koo litauma, kipimo kitasema streptokoka yupo, atapewa antibiotiki, virusi vitaisha vyenyewe, na kila mtu ataamini kwamba dawa imemponya. Baada ya mwezi mzunguko huanza upya, hadi mzazi anaambiwa kwamba mtoto ana mafindofindo sugu ya bakteria. Mambo yanayomtambulisha mbebaji ni dalili za virusi katika vipindi vya ugonjwa, kutopata nafuu ya haraka kwa antibiotiki, na streptokoka kupatikana hata anapokuwa mzima. Sampuli moja inayochukuliwa wakati mtoto hana dalili yoyote, siku kadhaa baada ya kumaliza dawa, inaweza kulitatua fumbo la mwaka mzima. Mbebaji ana hatari ndogo sana ya kupata homa ya baridi yabisi na si mwambukizaji mkubwa, hivyo kwa kawaida hapewi dawa, isipokuwa katika hali maalumu kama vile kuwepo kwa mtu aliyewahi kupata homa hiyo nyumbani.

Jibu jingine linalopotosha ni lile la Staphylococcus aureus likiambatana na orodha ndefu ya dawa zinazomuua. Orodha hiyo huwa na ushawishi mkubwa, na mhudumu hujikuta akiandika dawa kali kwa bakteria ambaye huishi kooni na puani mwa watoto wengi wazima. Jambo hilohilo hutokea kwa Haemophilus. Vyovyote ripoti itakavyosema, hao wasitibiwe kwa sababu tu wameota. Uamuzi huo uachiwe mtaalamu wa masikio, pua na koo pale ambapo dalili ni za kudumu na visababishi vingine vimeondolewa.

Sampuli zikirudi tupu ilhali mtoto anaugua kweli, yafikiriwe magonjwa mengine. Virusi vya Epstein-Barr huleta tonsili kubwa zenye utando mweupe, uchovu, tezi za nyuma ya shingo na wakati mwingine bandama kuvimba, na mtoto mwenye virusi hivyo akipewa amoksilini anaweza kutokwa na vipele mwili mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye homa yake hurudi kwa mpangilio, kila baada ya wiki 3 hadi 6, ikiambatana na vidonda mdomoni, koo na tezi za shingo, kisha ikaisha yenyewe baada ya siku chache akawa mzima kabisa, upo ugonjwa wa homa za vipindi usiosababishwa na bakteria hata kidogo. Daftari lenye tarehe huufichua mapema kuliko kipimo chochote cha maabara.

Hatua ya saba: pale ambapo upasuaji unafikiriwa

Vigezo vinavyotumika sana, vilivyotokana na utafiti wa Paradise na wenzake uliochapishwa mwaka 1984, ni vipindi 7 au zaidi vya ugonjwa katika mwaka mmoja, au 5 kwa mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au 3 kwa mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Kila kipindi kihesabiwe endapo kiliandikwa na mhudumu kikiwa na angalau kimojawapo cha haya pamoja na maumivu ya koo: homa inayozidi nyuzi 38.3, tezi za shingo zilizovimba, usaha kwenye tonsili, au kipimo kilichothibitisha streptokoka wa kundi A. Mtoto ambaye hajafikia idadi hiyo kwa kawaida hufuatiliwa kwanza, kwa sababu wengi hupungukiwa na vipindi hivyo wenyewe kadiri wanavyokua. Kukoroma kwa nguvu na kukatika kwa pumzi usingizini ni sababu tofauti kabisa ya upasuaji, inayohusu ukubwa wa tonsili, na haihitaji kuthibitishwa kwa bakteria.

Tonsili ikiondolewa na ikaonekana ni lazima kujua kilichomo, usipake kijiti juu ya uso wake tu. Uso uunguzwe kwa kifaa cha moto ili kuua bakteria wa juu, kisha tishu ikatwe kwa kisu safi na sampuli ichukuliwe kutoka kiini chake, ioteshwe penye hewa na pasipo na oksijeni. Bakteria wanaopatikana kiinini mara nyingi hawalingani na wale walioonekana kwenye sampuli za kooni zilizotangulia, na fomu inayopelekwa maabara iseme wazi kwamba hii ni tishu ya ndani.